Sura ya Saba: Kabla ya Kupanda Meli

Maji ya Ruvubu yanayopita upande wa Buhinyuza huelekea kaskazini-mashariki, hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, huwa mto Kagera, na mwisho humwagika katika Ziwa Viktoria. Njia ya watu haiko mbali na njia hiyo ya maji. Kutoka milima ya Buhinyuza mtu huenda Muyinga mjini, huvuka mpaka pale Kobero, hupita Ngara na Biharamulo, na hatimaye ziwa humfungukia mbele yake. Wafanyabiashara wameizoea njia hiyo. Lakini si wao peke yao wanaoipita. Wamo wanaokwenda harusini, wanaokwenda kuona wajukuu, na wanaotaka, walau mara moja maishani, kulala melini na kuamka upande wa pili wa maji.

Sura zilizotangulia zilihusu fedha ya nyumbani: kuweka, kukopa, kulipa ada za shule. Sura hii inahusu fedha ya safari, na hasa ile fedha ambayo watu wengi huifikiria dakika ya mwisho: bima, au asuransi kama tulivyozoea kuiita Burundi. Je, msafiri wa majini ainunue? Jibu langu ni kwamba anunue kidogo, lakini akinunue kile kinachostahili. Kurasa hizi zinaeleza kidogo hicho ni kipi, na kwa nini.

Tuchukue familia ya mfano. Baba analima kahawa Buhinyuza. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Bibi, mama yake baba, ana shinikizo la damu na hunywa dawa kila asubuhi. Binti yao mkubwa ameolewa Unguja na amejifungua mtoto wa kwanza. Wameamua kwenda wote watatu: basi hadi Bukoba, meli ya usiku hadi Mwanza, kisha Dar es Salaam, na boti ya kuvuka bahari hadi Unguja. Wameweka fedha muda mrefu kwa ajili ya safari hii. Nauli zimehesabiwa, zawadi zimefungwa. Ndipo shemeji mmoja wa Bujumbura anapiga simu na kuuliza kama wamekata bima. Baba anajibu kwa methali tunayoijua sote: ajali haina kinga.

Bima inakinga nini

Methali ya baba ni ya kweli. Hakuna karatasi inayozuia dhoruba, wala inayomfanya nahodha awe makini. Aliyekata bima na asiyekata hukaa kwenye benchi moja na hurushwa na wimbi lilelile. Kinachotofautiana ni hali ya nyumbani kwao mwezi unaofuata. Mmoja amelipiwa hospitali. Mwingine ameweka shamba rehani.

Kwa hiyo bima ya safari ni kinga ya kaya, ili msiba mmoja usizae msiba wa pili. Ukiiangalia hivyo, utaacha kuuliza kama safari ni ya hatari na utaanza kuulizana na wenzako: likitokea, tutauza nini? Kama jibu ni kuku au mbuzi, msinunue bima ya jambo hilo. Kama jibu ni shamba, nunueni. Muyinga ardhi imegawanyika vipande vidogo kati ya ndugu wengi, na anayeuza kipande chake mara nyingi hakipati tena. Hasara ya namna hiyo haiishi na mwaka wa mavuno mabaya. Inarithiwa na watoto.

Hesabu yake ni rahisi, na mtu anaweza kuifanya nyuma ya daftari. Namba nitakazotumia ni za mfano tu. Tuseme mzigo wenu una thamani ya faranga 150,000, na kati ya wasafiri hamsini mmoja hupoteza mzigo. Hatari hiyo, ikigawanywa kwa wote, ni faranga 3,000 kwa kila msafiri. Kampuni itakuuzia kinga hiyo kwa faranga 10,000, maana ina ofisi, mishahara na faida yake. Unalipa 10,000 kwa kitu cha 3,000. Sasa tuseme ugonjwa mkubwa ugenini unagharimu faranga milioni 15 na unampata msafiri mmoja kati ya elfu moja. Ukigawanywa ni faranga 15,000, na kampuni inakuuzia kwa 40,000. Hapa pia umelipa zaidi ya hatari yenyewe. Tofauti ni kwamba mzigo wa 150,000 unaweza kuununua tena kidogo kidogo, na milioni 15 huna popote pa kuzitoa. Bima karibu siku zote ni ghali kuliko hatari inayoibeba. Inafaa pale tu ambapo peke yako usingeweza kuibeba hatari hiyo.

Hasara nne za msafiri

Kampuni huuza bima ya safari ikiwa kifurushi kimoja, lakini ndani yake kuna mambo manne yaliyo tofauti kabisa. Yafungue moja moja.

La kwanza ni mzigo. Hili nimelimaliza: vitu vya thamani vibebe mwilini, pasipoti itolewe nakala, dawa za bibi zisiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya basi wala kwenye stoo ya meli. Haya hayagharimu chochote.

La pili ni ratiba: kuchelewa, kukosa meli, kuahirisha au kufuta safari. Kwa mtu wa Burundi hili ni jambo la kila siku. Uhaba wa mafuta ulioisumbua nchi miaka hii umewafanya abiria wengi walale stendi wakisubiri basi lililokosa mafuta. Mpaka nao unaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja, kama Burundi ilivyofunga mpaka wake na Rwanda tarehe 11 Januari 2024 na kuwaacha waliopanga kupitia Kigali wakitafuta njia nyingine. Wengi hudhani hapo ndipo bima inapofaa. Lakini hati nyingi za bima hazilipi hasara itokanayo na amri ya serikali, na zinazolipia kuchelewa hudai ushahidi wa maandishi ambao stendi zetu hazitoi. Dawa ya ratiba ni muda. Ondoka siku mbili kabla, ulale Bukoba, na ununue tiketi inayobadilishika hata kama imezidi bei kidogo.

La tatu ni ugonjwa na majeraha. Hapa ndipo kaya inapoweza kuanguka. Bibi akipandwa na presha katikati ya ziwa, atashushwa Mwanza na kupelekwa hospitali kubwa kama Bugando. Ikimpata Unguja, itakuwa Mnazi Mmoja au hospitali binafsi. Mgeni hulipa kama mgeni, na mara nyingi hutakiwa aweke fedha kwanza. Mgonjwa akihitaji kuhamishwa kwa ndege au kurudishwa Bujumbura akiwa na muuguzi, gharama hupita kitu chochote ambacho mwalimu na mkulima wa kahawa wanaweza kukusanya kwa wiki moja.

La nne ni kifo, na hili tunaogopa hata kulitaja kabla ya safari. Tulitaje. Kusafirisha maiti kutoka pwani hadi Muyinga kunahitaji hati za nchi mbili, jeneza maalum, gari au ndege, na mtu wa kufuatilia ofisi kwa ofisi. Waislamu wengi huamua kuzika pale mauti yalipomkuta mtu, na kwao gharama kubwa huwa ni ya ndugu kusafiri. Wengine hawawezi kufikiria kaburi lililo mbali na nyumbani. Kila familia iamue msimamo wake mapema, kwa sababu uamuzi huo unabadilisha aina ya bima mnayoihitaji.

Katika manne haya, mawili ya kwanza jibebeeni wenyewe. Mawili ya mwisho ndiyo ya kulipia.

Jina lako liandikwe

Kuna jambo linalotangulia bima, na kukosekana kwake kunaweza kuiharibu bima yoyote. Nalo ni jina lako kwenye orodha ya abiria.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Daraja la tatu, la nauli nafuu, halikuwa na orodha. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi walizikwa pamoja Igoma, Mwanza. Fikiria familia iliyokuja kuuliza habari za mtu wao aliyepanda daraja la tatu. Hawana tiketi, maana tiketi imezama naye. Hawana orodha, maana haikuandikwa. Watathibitishaje kwamba alikuwamo?

Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Iliruhusiwa kubeba abiria wapatao 600. Tume iliyochunguza ajali hiyo ilikuta kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, na waliokufa au kupotea walizidi 1,500. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Waliobaki hawakuonekana tena. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mwezi Desemba 2014 MV Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, na watu zaidi ya 120 walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41.

Ukizisoma ajali hizi kwa jicho la bima, unaona jambo moja likirudi: watu wengi kuliko karatasi. Bima hulipa kwa ushahidi. Inataka tiketi yenye jina, orodha yenye jina, cheti cha kifo. Maji yakimchukua mtu na mwili usionekane, cheti hicho hupatikana kwa shida na baada ya muda mrefu, na kitu cha kwanza ambacho ofisi yoyote itauliza ni kama jina lake lipo kwenye orodha ya chombo. Abiria aliyepanda kwa kumpa karani noti mkononi, bila tiketi, au kwa tiketi ya jina la mtu mwingine, ameitupa bima yake majini kabla chombo hakijang'oa nanga.

Hapa uamuzi na bima vinakutana. Ukifika gatini ukaona watu wanaingia bila kuhesabiwa, ngazi zimejaa, mizigo imepandana hadi mlangoni, usipande. Subiri safari nyingine. Nauli iliyopotea ni hasara ya kuku. Bima nzuri kuliko zote haiwezi kushindana na uamuzi huo.

Yapo mambo ya kututia moyo. Meli ya MV Victoria, inayokwenda kati ya Mwanza na Bukoba, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 200. Tanzania Bara usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, na Zanzibar unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Msafiri ana haki ya kuuliza chombo kimesajiliwa wapi, kinaruhusiwa kubeba wangapi, na maboya ya kuokolea yako wapi. Anayeuliza hivyo asionekane msumbufu. Anafanya kazi ambayo wote waliomo watafaidika nayo.

Bima uliyonayo bila kujua

Kabla ya kulipa faranga moja, hesabu kinga ulizonazo tayari. Watu wengi hununua mara mbili kitu kilekile.

Mama wa familia yetu ni mwalimu wa serikali, na kwa hiyo yumo katika Mutuelle de la Fonction Publique, mfuko wa matibabu wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 1980. Mfuko huo ulijengwa kwa ajili ya hospitali na maduka ya dawa ya Burundi. Aende ofisini aulize kwa maneno haya: nikiugua Tanzania, mnalipa au hamlipi, na mnataka karatasi gani? Baba anaweza kuwa na kadi ya matibabu, ile iitwayo CAM. Nayo aiulizie vivyo hivyo, na asiitegemee ng'ambo ya Kobero mpaka apate jibu la wazi.

Barabarani kuna Kadi ya Njano ya COMESA. Basi linalovuka mpaka linapaswa kuwa nayo. Inalipa madai ya watu wengine walioumizwa na gari, na inagharamia matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huu, kwa hiyo kadi hiyo inatambulika pande zote mbili za mpaka wa Kobero na Kabanga. Muulize mwenye basi kama kadi yake haijaisha muda. Safari ya familia yetu ina saa nyingi za barabarani kuliko za majini, na ajali za barabarani si chache. Msafiri anayeogopa ziwa na kusahau lami ameogopa nusu tu ya safari.

Unguja kuna jambo jipya ambalo kila mgeni anapaswa kulijua. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Serikali ya Zanzibar inamtaka mgeni wa kigeni awe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC. Bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44, na kinga yake hudumu siku 92. Inahusu matibabu ya dharura, ajali, mizigo iliyopotea na kurudishwa nyumbani. Familia iulize kabla ya kuondoka ni kiwango gani kinachotozwa raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki siku watakayoingia, na ilipe kupitia njia rasmi ya ZIC tu. Wakishailipa, hawana haja ya kununua kinga nyingine ya siku zile watakazokaa Unguja. Lakini wakumbuke kwamba bima hiyo ni ya Zanzibar. Haimfuati bibi kwenye barabara ya Biharamulo, wala usiku ule wa kuvuka Ziwa Viktoria. Pengo lao ni hapo: siku za njiani, kwenda na kurudi.

Kinga ya mwisho ni kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi vingi vya milimani kwetu vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mfuko huo haulipi milioni 15, lakini unaweza kulipa nauli ya ndugu atakayekuja kumshughulikia mgonjwa, na unaweza kuitoa siku hiyohiyo, wakati madai ya bima bado yanasubiri mihuri. Mwambie mwenyekiti wa kikundi kwamba unasafiri, siku gani, na kwa njia ipi.

Kusoma hati kabla ya kusaini

Kampuni za bima Burundi ziko Bujumbura, na baadhi zina matawi mikoani. SOCABU, iliyoanzishwa mwaka 1977, ni miongoni mwa zile za zamani, na zote husimamiwa na ARCA, wakala wa serikali wa kudhibiti bima. Wanunuzi wengi huiulizia bima ya safari kwa ajili ya viza ya Ulaya, kwa sababu nchi za Schengen hutaka kinga isiyopungua yuro 30,000. Anayekwenda Mwanza na Unguja ana mahitaji tofauti. Asichukue karatasi ya viza akadhani ni yake.

Tumpe mama nafasi ya kuzungumza na wakala.

"Mama, hii ni nafuu na inalipa kila kitu," kijana anasema.

"Asante, mwanangu. Nionyeshe palipoandikwa."

Jibu hilo la mama linatosha kuokoa fedha nyingi. Kisha aulize mambo haya, moja baada ya jingine, na aandikiwe majibu.

Kwanza, nchi. Tanzania imetajwa? Zanzibar imo? Safari ya majini imo, au ni ya ndege tu?

Pili, ugonjwa wa zamani. Bibi ana presha. Hati nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwapo kabla, au huulipia kwa nyongeza ya bei. Wengine huona ni ujanja kunyamaza ili bei ishuke. Huo ni ujanja unaomgeukia mwenyewe. Siku ya madai daktari ataandika historia ya mgonjwa, na kampuni ikikuta ulificha ina haki ya kukataa. Sema kweli, ulipe nyongeza, na kama hawataki kabisa kumkinga bibi, ni afadhali mjue mkiwa Muyinga kuliko mjue mkiwa Mwanza.

Tatu, namna ya kulipa. Je, kampuni huilipa hospitali moja kwa moja, au mgonjwa hulipa kwanza kisha anarudishiwa? Kwa familia yetu tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Bima inayorudisha fedha baadaye inamfaa mwenye akiba benki. Asiye na akiba anahitaji namba ya simu inayopokelewa usiku na barua inayokubalika hospitali.

Nne, sarafu. Bei nyingi huhesabiwa kwa dola au yuro, na Burundi dola ya benki na dola ya mtaani ziko mbali sana. Uliza unalipa kwa kiwango kipi, na ukidai utalipwa kwa fedha gani. Kinga ya dola inayolipwa kwa faranga za kiwango cha benki inaweza isitoshe kulipa hospitali ya Tanzania.

Tano, mambo yasiyolipwa. Vita na machafuko huachwa nje karibu kila mahali. Ulevi pia. Soma kama kuna neno linalohusu chombo kisichosajiliwa au kilichojaza kupita kiasi. Anayepita Kigoma kwa boti za mbao, au anayepita Uvira na Kalemie, asipuuze mstari huo.

Meli kubwa za kitalii

Baadhi ya wasomaji wana watoto Ubelgiji au Kanada wanaotaka kuwapa wazazi zawadi ya safari ya meli kubwa, zile zenye mabwawa ya kuogelea na maelfu ya abiria, ambazo nyingine hutia nanga Mombasa na Zanzibar. Kanuni ni ileile, ila kila kitu kimekuzwa. Melini kuna daktari, lakini huduma yake hulipwa kwa bei ya melini, na mgonjwa mahututi huweza kuchukuliwa kwa helikopta. Fedha ya safari hulipwa miezi mingi kabla, na kadiri siku inavyokaribia ndivyo unavyorudishiwa kidogo ukifuta. Kwa safari hiyo, kinga ya kufuta safari, ambayo nimeishauri familia yetu iiache, inaweza kustahili bei yake.

Dunia imeona mara mbili jinsi mambo yanavyoweza kuharibika katika meli hizo. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu 4,229, na 32 walikufa. Abiria ambao hawakuumia walipewa na kampuni ahadi ya yuro 11,000 kila mmoja. Mwezi Februari 2020 Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 waliambukizwa korona. Katika tukio la kwanza mwenye meli alikuwa na wajibu ulio wazi. Katika la pili ugonjwa haukuwa kosa la abiria, na hata hivyo gharama za kukaa, kutibiwa na kurudi nyumbani zilihitaji mtu wa kuzilipa. Mkataba wa Athens wa mwaka 1974, kwa marekebisho ya 2002 yaliyoanza kutumika 2014, unamlazimisha mwenye meli kuwa na bima ya abiria katika nchi zilizojiunga nao. Bima hiyo inahusu dhamana ya mwenye meli. Shinikizo la damu la bibi halimo.

Imani na tahadhari

Muyinga ina Waislamu wengi, na baadhi yao wana wasiwasi wa haki na bima ya kawaida, kwa sababu ya riba na kwa sababu ya kulipia jambo lisilojulikana. Kwao kuna takaful, ambapo washiriki huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana. Kenya, Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Asiyeifikia takaful bado ana kikundi chake, akiba yake na tahadhari yake. Kumtegemea Mungu hakujawahi kumkataza mtu kuandika jina lake kwenye orodha ya abiria.

Uamuzi wa familia yetu

Basi familia yetu ifanye nini? Wasinunue kinga ya mizigo wala ya kuchelewa. Waondoke mapema na wabebe dawa mwilini. Unguja walipe bima ya ZIC inayotakiwa, na waijue vizuri maana watakuwa wameshailipia. Kwa siku za njiani, watafute bima ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani inayotaja Tanzania na safari ya majini, na wamtangulize bibi: presha yake itajwe, nyongeza yake ilipwe. Kama fedha inatosha mtu mmoja tu, ikatwe ya bibi. Kama hakuna kampuni inayokubali kumkinga, wamwulize daktari wa Muyinga kama safari ya usiku majini inamfaa, na wasione vibaya kumwomba binti aje na mtoto Buhinyuza badala yao.

Nakala za tiketi, pasipoti na hati ya bima zibaki kwa mtu mmoja nyumbani anayejua kusoma na mwenye simu. Awe na namba ya kampuni, jina la meli na siku ya safari. Bima isiyojulikana na mtu yeyote aliyebaki nyumbani haidaiwi.

Kwa wale ambao hata bima ya mtu mmoja imewazidi, nataka kusema jambo hili bila kuzungusha. Kukosa bima si uzembe. Sehemu kubwa ya kinga niliyoieleza haiuzwi: tiketi yenye jina lako mwenyewe, kukataa chombo kilichojaa, kuuliza Kadi ya Njano ya basi, kuaga kikundi, kuacha nakala nyumbani, kuamua mapema suala la mazishi. Mkulima wa Buhinyuza anaweza kuyafanya yote hayo kabla ya kufika Kobero. Mwenye fedha na ayafanye pia, kisha ndipo aongeze bima juu yake. Bima iliyonunuliwa bila hayo itamwachia kesi ya kufuatilia, na siku ya shida kesi haimtibu mgonjwa.